Karatasi iko wapi? Historia fupi ya mawazo yaliyopata wenyewe wengine

Nimekuwa kimya, kazi za gazeti zimenibana, na baridi ya Iringa nayo inamfanya mtu atamani blanketi kuliko kalamu. Leo nina jambo ambalo limenikaa kooni kwa muda, na nimeona nilitapike hapa mbele yenu. Linahusu wazo la biashara: ni la nani, linaibiwaje, na sheria inamlinda nani pale marafiki wanapoamua kuanzisha kampuni pamoja.

Nianze na kisa changu, kisha twende kwenye historia.

Tulikuwa watatu, mwaka wa mwisho chuoni, tumepanga chumba kimoja hapa Kihesa. Mmoja alisoma kompyuta, mwingine uhasibu, mimi uandishi wa habari. Jioni tukishapika ugali wetu tulikuwa tunajadili namna ya kutoka kimaisha. Wazo likaja: mkulima wa nyanya kule Ilula hajui bei ya leo mjini wala Dar es Salaam. Dalali ndiye anayejua. Je, tukimpa mkulima namba ya simu, akatuma meseji, akapata bei ya tenga sokoni siku hiyohiyo, na jina la mnunuzi aliye tayari? Hapo hatukulala. Mwenzetu wa kompyuta akaandika programu, wa uhasibu akapiga hesabu, mimi nikaenda Ilula kuongea na wakulima. Tukapeana mikono, tukasema tutagawana sawa kwa sawa. Karatasi? Nani aandike karatasi na ndugu yake mnayelala chumba kimoja?

Tukahitimu. Mwenzetu wa kompyuta akapata kazi Dar. Miezi minane baadaye kampuni aliyoajiriwa ikazindua huduma ileile. Nasema ileile, wadau. Hata mpangilio wa menyu, bonyeza moja kwa bei, bonyeza mbili kwa mnunuzi, ulikuwa wetu. Kampuni siitaji, na rafiki simtaji, maana mwishoni mtaona kwamba mambo hayakuwa mepesi kama nilivyodhani siku ile.

Nikapanda bajaji hadi mjini kwa wakili mmoja mtu mzima. Nikamweleza kwa hasira nusu saa nzima. Alinisikiliza bila kunikatiza, akavua miwani, akauliza swali moja: "Kijana wangu, karatasi iko wapi?"

Sikuwa nayo. Akanipa kikombe cha chai na somo ambalo sikulipata chuoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya jambo hili, na nimegundua kwamba sisi watatu wa Kihesa hatukuwa wa kwanza wala hatutakuwa wa mwisho.

Hebu twende Kenya kwanza.

Kila Mtanzania anaijua M-Pesa. Kwetu ililetwa na Vodacom mwaka 2008, lakini Kenya ilizinduliwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Na mitaani Nairobi, hata huku kwetu, kuna hadithi isiyokufa kwamba M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi fulani wa chuo kikuu, akadhulumiwa na wakubwa. Ukimuuliza anayekusimulia jina la mwanafunzi huyo, atakwambia ni rafiki wa rafiki yake. Hadithi hii tunaipenda kwa sababu kila mmoja wetu anajiona ndiye yule mwanafunzi. Mimi pia nilijiona hivyo.

Lakini njia iliyoandikwa ni nyingine. Huko Uingereza, ndani ya kampuni ya Vodafone, alikuwepo bwana mmoja anaitwa Nick Hughes. Mwaka 2003 aliomba fedha kwenye mfuko wa serikali ya Uingereza uliokuwa chini ya idara yao ya maendeleo ya kimataifa, DFID. Mfuko ulitoa karibu pauni milioni 1, na Vodafone nayo ikatakiwa kuchangia kiasi kinacholingana. Mwenzake Susie Lonie akatumwa Nairobi kusimamia kazi. Jaribio likaanza Oktoba 2005. Wabia walikuwa Safaricom mwenye mtandao, benki ya CBA ya kutunza fedha, na taasisi ya mikopo midogo iitwayo Faulu Kenya.

Sasa angalieni hapa. Lengo la kwanza halikuwa kutumiana pesa. Lengo lilikuwa wateja wa Faulu wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Wateja mia chache tu wa Nairobi na Thika walipewa simu wajaribu. Na ni hao wateja, watu wa kawaida kabisa, walioanza kuitumia kwa namna ambayo haikupangwa: huyu anamtumia ndugu yake, yule anamlipia rafiki, mwingine anaweka pesa kwenye simu asafiri bila kubeba noti mfukoni. Wasimamizi walipotazama matumizi hayo wakaelewa kwamba biashara kubwa iko huko. Suala la mikopo likawekwa kando, Faulu akabaki nje ya mpango mkuu, na mwaka 2007 M-Pesa ikazaliwa kama huduma ya kutumiana pesa.

Swali: wazo la M-Pesa ni la nani? La Hughes aliyeomba fedha? La Lonie aliyekesha Nairobi? La mteja wa Faulu wa Thika aliyegundua kwamba anaweza kumtumia mama yake pesa kijijini? La Safaricom aliyeweka mawakala hadi vichochoroni?

Kwa maana ya moyo, ni la wote. Kwa maana ya sheria, lilikuwa la Vodafone, kwa sababu ndivyo karatasi zilivyosema. Safaricom, ambayo ndiyo iliyoifanya M-Pesa ijulikane duniani, ilikuwa inailipa Vodafone ada ya leseni mwaka hadi mwaka. Ni Aprili 2020 tu ndipo Safaricom na Vodacom, kwa ubia wao, walipokamilisha kununua chapa na mfumo wa M-Pesa kutoka Vodafone. Miaka 13 Wakenya waliimba M-Pesa ni yetu, na miaka 13 hati ilikuwa Uingereza.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 2012 Faulu walishirikiana na Airtel kuanzisha huduma ya mikopo midogo kwa simu, Kopa Chapaa. Mwezi Novemba mwaka huohuo Safaricom na CBA wakazindua M-Shwari, ya kuweka akiba na kukopa kwa simu. Faulu wakakimbilia Mahakama Kuu ya Nairobi, wakidai wazo ni lao na kwamba waliwahi kulipeleka kwa Safaricom katika mazungumzo ya nyuma. Wakaomba M-Shwari isimamishwe. Mahakama ilikataa kuisimamisha. M-Shwari ikaendelea, na ilipata wateja kwa mamilioni.

Niliposoma kesi hiyo nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Vibaya kwa sababu taasisi yenye mawakili wake imeshindwa kuzuia, sembuse sisi wa chumba kimoja Kihesa. Vizuri kwa sababu nilianza kuelewa kwamba kuna kanuni, si bahati mbaya.

Kanuni yenyewe ni hii: sheria hailindi wazo. Inalinda umbo la wazo, au inalinda ahadi iliyofungwa kuhusu wazo. Basi.

Wakili wangu alinieleza hivi. Hakimiliki, ambayo kwetu inasimamiwa na sheria ya mwaka 1999 na chombo chake COSOTA, inalinda kile kilichoandikwa, kilichochorwa, kilichorekodiwa, ikiwemo programu ya kompyuta. Haiingii kwenye wazo lililo nyuma yake. Hata mkataba wa haki miliki wa Shirika la Biashara Duniani wa mwaka 1994, ambao Tanzania imefungwa nao, unasema wazi kwamba ulinzi ni wa namna jambo lilivyoelezwa, si wazo, utaratibu wala njia ya kufanya kazi. Kwa hiyo mtu akisoma mpango wako wa biashara, akaufunga, akaenda kufanya biashara ileile kwa maneno yake mwenyewe, kwa hakimiliki peke yake humpati.

Nikamuuliza: na hataza je? Hataza ni ya uvumbuzi. Wakati wa Mwingereza, Tanganyika haikuwa hata inatoa hataza zake yenyewe. Ulikuwa unapata hataza Uingereza kwanza, kisha unakuja kuisajili huku. Fikiria fundi wa Makambako mwaka 1950 anaambiwa aanzie London! Sheria yetu wenyewe ilitungwa mwaka 1987. Inataka kitu kiwe kipya, kiwe na hatua ya uvumbuzi, na kiweze kutumika viwandani. Na inaorodhesha yasiyohesabika kuwa uvumbuzi, yakiwemo mipango, kanuni na mbinu za kufanya biashara. Yaani "tuwape wakulima bei kwa meseji" ni mbinu ya biashara. Mlango umefungwa.

Alama ya biashara? Hiyo ni jina na nembo. Chini ya sheria ya mwaka 1986 unasajili BRELA, inadumu miaka 7, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Ni ulinzi mzuri, lakini unalinda jina, si wazo. Jirani anaweza kufanya biashara kama yako kwa jina jingine na ukabaki unamtazama.

Mfano wa nyumbani ni Edward Saidi Tingatinga. Mzee huyu alizaliwa Tunduru, akaenda Dar kutafuta maisha, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta kwenye ubao laini, akiuzia wageni pale Oyster Bay. Aliwakusanya ndugu na vijana, akawafundisha. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Wanafunzi wake waliendelea, wakaunda umoja, na mwaka 1990 ukawa chama cha ushirika. Leo michoro ya Tingatinga inauzwa kila mahali watalii wanapopita, na mwaka 2010 jina hilo lilitua hadi kwenye katuni za watoto katika televisheni ya BBC. Kila mtu anaweza kuchora twiga kwa mtindo huo, kwa sababu mtindo hauna hakimiliki. Kilichobaki kwa wale vijana ni jina la mwalimu wao na ule umoja walioufunga. Wangetawanyika kila mtu kivyake, sidhani kama wangebaki na hicho.

Sasa, msidhani kwamba wakili aliniacha mikono mitupu. Aliniambia kuna njia moja ya zamani sana, nayo ni siri.

Mwaka 1849 huko Uingereza, Malkia Victoria na mumewe Albert walikuwa na michoro yao ya kifamilia, wakaipeleka kwa mpiga chapa wa Windsor wachapiwe nakala chache. Mfanyakazi wa yule mpiga chapa akachapa za ziada kisirisiri, zikauzwa, zikafika kwa mfanyabiashara Strange na mwenzake waliotaka kuzifanyia maonyesho. Albert akaenda mahakamani. Mahakama ikazuia maonyesho na hata orodha iliyoielezea michoro ile, kwa sababu vitu vile vilipatikana kwa kuvunja uaminifu. Hapo ndipo penye mzizi: aliyepokea jambo kwa kuaminiwa hana ruhusa ya kulifanyia biashara yake.

Utauliza, mambo ya Malkia yanatuhusu nini sisi wa Kihesa? Yanatuhusu. Sheria yetu ya usimamizi wa haki inasema kwamba sheria za kimila za Kiingereza na kanuni zao za haki, kama zilivyokuwa Uingereza tarehe 22 Julai 1920, zinatumika hapa pale ambapo hatuna sheria yetu na kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Mwaka 1849 uko kabla ya 1920. Kwa hiyo ile kesi ya michoro ya Windsor ina mguu mmoja Iringa.

Baadaye, mwaka 1968, jaji Megarry wa Uingereza aliikusanya kanuni hii katika mambo matatu, kwenye kesi ya bwana Coco aliyebuni injini ya pikipiki ndogo, akazungumza na kampuni ya Clark, mazungumzo yakavunjika, kisha Clark wakatoa pikipiki yao. Mambo matatu ni haya: habari iwe ya siri kweli; iwe ilitolewa katika mazingira ambayo mpokeaji alijua anatakiwa kuitunza; na awe ameitumia bila ruhusa. Hukumu hiyo ni ya baada ya 1920, kwa hiyo kwetu haifungi, ila mawakili wa nchi zenye asili ya sheria hiyo huisoma na kuitumia kama mwongozo.

Nilipoyapima mambo matatu na kisa chetu, nikanyamaza. Siri? Mimi mwenyewe nilikuwa nimelieleza wazo lile kwenye vijiwe vyote, kantini ya chuo, hadi kwenye kilabu cha ulanzi. Nilikuwa nalitangaza kama mnada.

Kuna na njia ya pili, nayo ni ahadi. Hapa mwalimu wetu ni kijana wa Afrika Kusini, Nkosana Makate. Mwaka 2000 alikuwa mhasibu mwanafunzi ndani ya Vodacom. Alikuwa na mchumba aliye mbali, mara nyingi hana salio la kumpigia. Sisi huku tulitatua tatizo hilo kwa kubipu. Yeye akafikiria huduma ya kumtumia mtu ujumbe wa bure wa "nipigie". Akaliandika wazo lake kwenye waraka, akalipeleka kwa mkuu wa idara ya kubuni bidhaa, akaahidiwa kwamba likifaulu atalipwa. Huduma ikaanza 2001, ikafaulu kupita kiasi. Malipo hayakuja. Alifungua kesi, akashindwa Mahakama Kuu mwaka 2014, akasonga mbele, na tarehe 26 Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikampa ushindi: kampuni inafungwa na ahadi ya mkubwa wake, ikae naye ijadili malipo kwa nia njema. Kampuni ikampangia randi milioni 47, akakataa. Kesi ikarudi mahakamani, ikapanda na kushuka, hadi mwezi Novemba 2025 pande mbili zilipotangaza kumalizana nje ya mahakama. Robo karne, wadau! Kijana aliingia akiwa kwenye miaka ya ishirini, akatoka mtu mzima.

Lakini angalieni kilichomwokoa Makate. Hakushinda kwa sababu wazo lilikuwa lake. Alishinda kwa sababu kulikuwa na makubaliano, na alikuwa na waraka wa kuonyesha. Swali la wakili wangu lilikuwa lilelile hadi Johannesburg: karatasi iko wapi?

Na karatasi peke yake nayo haitoshi, lazima uijue ina nini. Sote tumesoma shuleni habari za Chifu Mangungo wa Msovero. Novemba 1884 Karl Peters alifika Usagara na mikataba iliyoandikwa kwa Kijerumani, chifu akaweka alama yake, na Februari 1885 Kaiser akatoa hati ya ulinzi kwa nchi nzima iliyotajwa mle. Mpaka leo Mtanzania akitaka kusema mkataba mbovu, anamtaja Mangungo. Tunamcheka mzee wa watu. Lakini ni wangapi kati yetu wenye digrii tunaonakili katiba ya kampuni ya mtu mwingine, tunabadilisha jina juu, tunapeleka BRELA bila kusoma ukurasa wa tatu? Tangu 2018 usajili unafanyika kwa mtandao, ni rahisi, na urahisi huo ndio umetuongezea uvivu wa kusoma.

Nirudi kwenye ubia. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote. Nilidhani kwa kuwa hatukuandika chochote, basi hatukuwa chochote. Kumbe sivyo. Sheria yetu ya mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961, na kabla yake tulikuwa tunatumia sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872 iliyoletwa na Mwingereza. India waliitoa sehemu ya ubia mwaka 1932 wakaitungia sheria yake. Sisi tumeiacha ndani ya sheria ya mikataba hadi leo. Kwa mtazamo wa sheria hizo, watu wanaofanya biashara pamoja kwa ajili ya faida wanaweza kuwa wabia hata bila maandishi, na pasipo makubaliano mengine hugawana sawa. Mbia anatakiwa kuwa mkweli kwa wenzake, na faida aliyoipata kwa siri kutokana na shughuli za ubia anapaswa kuitolea hesabu.

Nikaruka kwenye kiti. "Kwa hiyo tunaweza kumshtaki!"

Wakili akatabasamu. "Mlikuwa mmeshauza hata tenga moja?"

Hatukuwa tumeuza. Tulikuwa na mipango, hatukuwa na biashara. Kisha akanimalizia kabisa. "Na programu aliiandika nani?" Rafiki yetu. "Mlimwajiri? Mlimlipa? Mliandikiana kwamba programu ni ya watatu?" Hapana, hapana, hapana. "Basi kati yenu watatu, mwenye kitu ambacho sheria inakitambua kwa urahisi ni yeye."

Nilitoka pale nikatembea kwa miguu mpaka Kihesa. Nilikuwa nimekwenda kumtafuta mwizi, nikaambiwa mwizi ndiye mwenye hati. Na huenda rafiki yangu, kule Dar, hakujiona mwizi hata kidogo. Aliandika kila mstari kwa mikono yake, usiku, kwa umeme wa kukatikakatika, wakati mimi nimelala. Angeniuliza mimi niliandika nini, ningemjibu nini? Nililisema wazo tu.

Lakini hata hilo la kulisema, wadau, ndilo linalonifanya niandike leo.

Wiki iliyopita nilikuwa Kihesa sokoni jioni. Kuna mama mmoja anauza nyanya pale, tunafahamiana tangu niko chuo. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umepotea." Akachukua daftari lake, la kurasa nyingi, limeliwa pembeni na unyevu, akapiga simu Ilula, kisha Dodoma, kisha Dar, akaandika bei. Halafu akampigia mkulima mmoja akamwambia leo asiuze kwa dalali, asubiri kesho. Nikasimama nikamtazama. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimemtazama vilevile miaka ile nikiwa mwanafunzi, kabla ya ile jioni ya ugali, kabla ya "wazo letu". Lile daftari ndilo lililokuwa huduma. Sisi tulitaka kulitia kwenye simu tu.

Miaka yote hii nimelalamika kuibiwa wazo. Na mimi je, nililitoa wapi?

Sisemi kwamba nilimwibia. Wazo likishaonekana sokoni ni la kila mwenye macho, na sheria inasema hivyohivyo. Wangekuwa wanamiliki mawazo, kungekuwa na mama ntilie mmoja tu Tanzania. Lakini kuna kinachoruhusiwa na kuna kinachostahili, na mara nyingi katikati yake amesimama mtu ambaye jina lake halipo popote. Yule mteja wa Thika aliyewaonyesha wakubwa matumizi ya M-Pesa hakuna anayelijua jina lake.

Mimi na mwenzangu wa uhasibu tumeamua kuanza upya, mara hii kwa kukusanya oda za wauza mboga wa mjini na kuzipeleka kwa wakulima moja kwa moja. Tulikuwa tumeandaa makubaliano ya kurasa mbili. Tumeandika nani analeta nini, fedha au kazi. Nani ana hisa ngapi, na kwamba atazipata kidogokidogo kwa miaka mitatu ya kufanya kazi, si siku ya kwanza. Kwamba programu, jina na orodha ya wateja ni mali ya kampuni, si ya aliyeviandika. Kwamba anayeondoka hatatumia siri tulizozitaja kwa majina. Na kwamba tukigombana tutakwenda kwanza kwa msuluhishi tuliyemkubali wote. Kabla ya kumwonyesha mtu wa nje jambo la ndani, anasaini kwanza kutunza siri, na asiyesaini anaelezwa la juujuu tu. Na jina tunalisajili mapema, kabla halijazoeleka.

Nikaenda kwa mama na kurasa zangu mbili. Nikamsomea, nikamweleza kwamba tunataka afanye kazi na sisi, daftari lake na watu wake ndio moyo wa jambo. Akasikiliza huku anapanga nyanya mafungu. Nilipomaliza akafuta mikono kwenye kanga, akaomba karatasi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Mwanangu, mimi nimeishia darasa la saba, lakini jina langu nalijua likiandikwa. Humu silioni."

Ni kweli halikuwemo. Tulikuwa tumeandika "mshauri wa soko", bila jina, bila hisa. Watu wawili tuliolia kwa kudhulumiwa tulikuwa tumeketi tukaandika karatasi ya kumdhulumu wa tatu, na wala hatukuwa na nia mbaya. Nadhani rafiki yetu wa Dar naye hakuwa nayo.

Jumamosi hii tunakaa watatu, na tumempigia wakili aje asome kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, mpaka mama aseme ameelewa. Kuhusu hisa zake bado hatujakubaliana. Mhasibu anasema moja kati ya tano, mama anasema sawa kwa sawa, mimi ninaelekea upande wa mama. Yule wa Dar nimemtumia ujumbe wa salamu, wa kwanza tangu siku ile. Amejibu, tumeanza kuongea.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama usiku huu mko chumbani watatu mnapika ugali na wazo limewaka, hongereni. Likiwaka chukueni karatasi palepale, ugali utasubiri. Andikeni tarehe, andikeni nani kasema nini na nani atafanya nini, sainini wote. Halafu ulizaneni swali moja la mwisho: nani hayumo humu na alistahili kuwemo?

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.